Lebo inang'aa, peptidi haishiki: uchambuzi wa kisa cha OmpA iliyokatwa juu ya utando

Plazimidi ya pBAD33, pete ndogo ya DNA ambayo jeni iliyomo huwashwa kwa arabinosi, imebeba jeni ya ompA inayotengeneza OmpA, protini ya utando wa nje wa bakteria E. coli. Katika kitanzi cha nne cha protini hiyo, kile kinachochungulia nje ya seli, baada ya asidi amino ya 154, pamepachikwa asidi amino 32 za kigeni: kiungo cha GGS, lebo ya HA (YPYDVPDYA) inayotambuliwa na kingamwili yake, GGS ya pili, peptidi yenyewe yenye asidi amino 14, kisha GGS ya kufungia. Peptidi ni NTCWSGRKVPFDCT. Sisteini zake mbili zinatakiwa kushikana kwa daraja la salfa ili ijikunje kuwa pete. Ikitengenezwa kikemikali na kufungwa hivyo, inashika protini lengwa, ile tunayotaka ishikwe, vizuri, kwa KD (kipimo cha kushika; ikiwa ndogo, kushika ni imara zaidi) ya nanomola 40 hivi.

Bakteria mwenyeji ni BW25113 aliyefutiwa ompA kwenye kromosomu, kutoka mkusanyo wa Keio wa E. coli zilizofutiwa jeni moja moja. Anaoteshwa kwenye mchuzi wa LB kwa nyuzi 37, anachochewa kwa arabinosi ya asilimia 0.2 kwa saa 2, kisha sampuli moja inapakwa kingamwili ya HA yenye rangi ya kijani, na nyingine inapewa protini lengwa yenye biotini, nanomola 200, ikifuatiwa na streptavidini, inayonasa biotini, yenye rangi ya fikoeritrini. Saitometa ya mtiririko, inayopima mng'ao wa seli moja moja, inaonyesha HA bila shaka yoyote. Protini lengwa haionekani kabisa: grafu yake imelala juu ya ile ya bakteria wenye plazimidi tupu.

Kisa hiki ni cha mfano, kimepangwa kutokana na hitilafu zinazojulikana katika kazi hii. Tumekichagua kwa sababu ndicho kinachopoteza muda mwingi kuliko vingine: kila kipimo cha kwanza kinasema mambo yako sawa.

Kwa nini OmpA, na kwa nini pale

OmpA iliyokomaa ina asidi amino 325. Takriban 171 za mwanzo hujikunja kuwa pipa la tepe 8 ndani ya utando wa nje, lenye vitanzi vinne virefu upande wa nje na kona fupi upande wa periplazimu, nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria. Sehemu iliyobaki inaning'inia ndani ya periplazimu na kushika ukuta wa peptidoglikani. Vitanzi vinavumilia kuongezewa kitu, tepe hazivumilii. Wazo la kutumia vitanzi vya namna hii ni la zamani: mwaka 1986 kundi la Maurice Hofnung katika Taasisi ya Pasteur, Paris, liliingiza epitopi ya C3, kipande kinachotambuliwa na kingamwili, ya virusi vya polio kwenye LamB, protini nyingine ya utando wa nje, na kingamwili zikaiona ikiwa juu ya seli nzima. OmpA ilifuata njia hiyohiyo muda mfupi baadaye.

Hapa pana mtego mmoja wa hesabu unaostahili kukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. OmpA hutengenezwa ikiwa na peptidi ishara ya asidi amino 21 mbele, ambayo hukatwa ikivuka utando wa ndani. Makala nyingi huhesabu kuanzia protini iliyokomaa, ilhali programu za kusoma mfuatano huhesabu kuanzia methionini ya kwanza. Anayesoma 154 kwenye makala kisha akabofya 154 kwenye programu anaweka peptidi kwenye nafasi ya 133 ya protini iliyokomaa, nje kabisa ya kitanzi cha nne. Katika kisa chetu hesabu ilikuwa sahihi, 175 kwenye programu, na HA inayoonekana juu ya seli inathibitisha hivyo.

Washukiwa watatu wa kwanza

Mtu akiona lebo inang'aa na peptidi haishiki, mawazo matatu humjia haraka. La kwanza ni kwamba lipopolisakaridi, mafuta yenye sukari yaliyo juu ya utando wa nje, imeifunika peptidi. La pili ni kwamba kiungo ni kifupi mno, peptidi imebanwa. La tatu ni kwamba daraja la salfa halikufungwa, kwa hiyo peptidi haina umbo lake.

Wazo la kwanza halisimami ukilitazama kwa makini. BW25113 ni ya ukoo wa K-12, na K-12 za maabara hazina mnyororo mrefu wa sukari unaoitwa antijeni O. Zimebaki na kiini kifupi tu. Zaidi ya hapo, HA na peptidi zimetenganishwa na asidi amino 3. Kingamwili ni molekuli ya kilodaltoni 150. Kama hiyo imefika kwenye HA, protini lengwa ya kilodaltoni 30 haina sababu ya kuzuiwa hatua tatu mbele. Hoja hiyohiyo inadhoofisha wazo la pili. Kurefusha kiungo kutoka GGS hadi GGSGGS kunagharimu wiki ya kazi ya kujenga plazimidi upya, na katika hali hii hakubadilishi kitu. Wazo la tatu lina uzito, kwa sababu bila pete hakuna kushika, lakini linaweza kupimwa moja kwa moja kwa jeli inayotenganisha protini kwa uzito. Halihitaji kujengwa kitu kipya.

Kuna jambo la nne ambalo halisemwi: huenda peptidi haipo nzima. Ishara ya HA inathibitisha kwamba HA iko nje. Haisemi lolote kuhusu asidi amino zinazoifuata.

Jeli, na namna ya kuiandaa isidanganye

Hapa ndipo kisa kinapoamuliwa, na ndipo sampuli zikiandaliwa ovyo zinapotoa jibu la uongo. Kuna maswali matatu tofauti na hayajibiwi na sampuli moja.

Swali la kwanza ni kama pipa limejikunja. OmpA ina tabia nzuri ya kusaidia: ikijikunja, SDS (sabuni inayofungua protini) peke yake haiifungui mpaka ichemshwe. OmpA ya kawaida isiyochemshwa hukimbia kwenye jeli kama protini ya kilodaltoni 30, na iliyochemshwa hukaa kwenye 35. Chukua seli, zipasue kwa sauti ya masafa ya juu zikiwa kwenye barafu, changanya na bafa ya SDS, gawanya mara mbili. Nusu moja iache kwenye joto la chumba, nyingine ichemshe kwa dakika 10. Usijaribu kuyeyusha seli nzima kwa SDS bila kuzipasua na bila kuzichemsha, kwani DNA itafanya sampuli iwe kamasi isiyoingia kwenye kisima. Jeli nayo iendeshwe kwa umeme mdogo, ikiwezekana kwenye chumba cha baridi, ili isijichemshe yenyewe ikafungua pipa njiani.

Swali la pili ni kama mnyororo ni mzima. Sampuli ya juu isitumike kujibu hili. Utando wa nje wa E. coli una protizi, yaani kimeng'enya cha kukata protini, iitwayo OmpT, inayokata kati ya asidi amino mbili zenye chaji chanya zilizofuatana, nayo ni sugu kupita kawaida: huendelea kukata hata ndani ya yurea. Seli zikipasuliwa na kuachwa zikingoja, mikato inaweza kutokea ndani ya mrija wa majaribio na wala si juu ya seli hai. Kwa hiyo chukua mililita 1 ya mchuzi wenye OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi) ya 1, yaani seli milioni 800 hivi, na uongeze asidi ya trikloroasetiki moja kwa moja hadi ifike asilimia 10. Acha kwenye barafu dakika 30, zungusha kwenye sentrifuji kwa 15,000 g dakika 10, osha mashapo kwa asetoni baridi, yakaushe, yayeyushe katika mikrolita 100 za bafa ya SDS na uchemshe papo hapo. Rangi ya buluu ya bafa ikigeuka njano, asidi imebaki. Ongeza mikrolita 1 au 2 za Tris ya mola 1.5 yenye pH 8.8 mpaka buluu irudi. Bila hivyo mistari itapinda.

Swali la tatu ni la daraja la salfa. Gawanya mashapo yaleyale mara mbili tangu mwanzo. Nusu iyeyushwe kwenye bafa isiyo na DTT, kemikali inayovunja madaraja ya salfa, lakini yenye N-ethilimaleimidi ya milimola 20, ambayo huziba sisteini zilizo huru zisishikane zenyewe wakati wa kuchemsha. Nusu nyingine ipewe DTT ya milimola 100. Kwenye jeli, acha visima viwili vitupu kati ya sampuli zenye DTT na zisizo nayo. DTT husambaa pembeni, na kisima cha jirani kikipunguzwa bila wewe kujua, jibu lako limeharibika.

Kisha pitisha protini kwenye utando wa karatasi na uzitafute kwa kingamwili ya HA. Uzito unaotarajiwa ni rahisi kuukadiria: OmpA 35.2, kipachiko 3.3, jumla kilodaltoni 38.5 hivi.

Jibu la jeli

Isiyochemshwa inakimbia mbele ya iliyochemshwa. Pipa limejikunja, sawa. Iliyochemshwa bila DTT iko kwenye 38, mstari mmoja safi. Mtu akiishia hapa atasema protini ni nzima na atarudi kulaumu kiungo. Lakini iliyochemshwa pamoja na DTT ina mstari hafifu sana kwenye 38, na mwingine mzito kwenye 19.

Soma tena peptidi: NTC-WSG-RK-VPFDCT. Kati ya sisteini ya kwanza na ya pili kuna arjinini na laisini zimekaa bega kwa bega. Hapo ndipo OmpT inapokata. Na si jozi yoyote ya chaji chanya: OmpT hupenda arjinini kabla ya mkato, arjinini au laisini baada yake, valini au alanini inayofuata, na haichukii triptofani nafasi nne kabla ya mkato. Peptidi hii ina vyote hivyo, wala haina asidi yenye chaji hasi karibu na mkato, ambayo ingeipunguza kasi. Ni kama imeandikwa kwa ajili ya kimeng'enya hicho.

Hesabu ya vipande inakubali. Kipande cha mbele kina asidi amino 154 za OmpA, GGS, HA, GGS na NTCWSGR, jumla kilodaltoni 19 na ushee. Kipande cha nyuma kina KVPFDCT, GGS na asidi amino 171 zilizobaki, nacho ni 19 na ushee. HA iko kwenye cha mbele, ndiyo maana kingamwili inaona kimoja tu.

Kwa nini basi hakuna dalili nyingine? Kwa sababu vipande havikuachana. Daraja la salfa hufungwa na kimeng'enya cha DsbA ndani ya periplazimu, kabla protini haijafikishwa kwenye utando wa nje, na OmpT hukata baadaye, nje. Pete inafungwa kwanza, halafu inakatwa upande mmoja. Sisteini zinaendelea kushika ncha mbili. Hata kama daraja lisingekuwapo, pipa lenyewe lingevishikilia vipande: mwaka 1996 Ralf Koebnik alionyesha kwamba OmpA iliyotengenezwa ikiwa imegawanywa vipande viwili huweza kujikusanya kuwa pipa ndani ya utando wa bakteria hai. Kwa hiyo seli inabaki na afya, HA inabaki mahali pake, saitometa inaona HA yote, na jeli isiyo na DTT inaona uzito kamili. Kilichopotea ni umbo la pete peke yake, yaani kitu kilekile protini lengwa inachokitafuta.

DegP, protizi ya periplazimu inayokula protini zilizojikunja vibaya, ingeacha picha nyingine: mstari wa 38 ungepungua bila kipande kimoja safi kuchukua nafasi yake, na HA juu ya seli ingefifia pamoja nao.

Kuthibitisha kabla ya kujenga

Kipimo cha haraka ni kuhamishia plazimidi ileile kwenye BL21, aina nyingine ya E. coli, ambayo haina ompT. BL21 ina OmpA yake mwenyewe, lakini kingamwili ya HA haiioni, kwa hiyo jeli inasomeka. Tofauti na BW25113, haijafutiwa araBAD, jeni za kula arabinosi, basi chochea kwa saa 1 tu kisha uvune. Mstari wa 38 ukibaki mzima hata kukiwa na DTT, na protini lengwa ikaanza kushika, mshukiwa amepatikana.

BL21 haina protizi ya Lon pia, na mtu mwangalifu atauliza kama si Lon. Lon hufanya kazi ndani ya saitoplazimu, haiwezi kukata kitanzi kilicho nje ya seli, lakini swali linajibiwa vizuri zaidi kwa kuchanganya. Chukua seli za BL21 zinazoonyesha peptidi, zichanganye moja kwa moja na BW25113 zenye plazimidi tupu, ziache pamoja nyuzi 37 kwa saa 1, kisha asidi na jeli yenye DTT. OmpT inaelekeza kinywa chake nje na inaweza kukata kilicho juu ya seli ya jirani. Mstari wa 19 ukijitokeza kwenye mchanganyiko na usijitokeze kwenye BL21 peke yake, mkataji yuko juu ya uso wa BW25113. Usipojitokeza, usihitimishe: seli mbili haziguswi kwa urahisi kama protini mbili za utando mmoja.

Joto linaweza kupotosha hapa. OmpT hupungua bakteria wakioteshwa kwenye baridi, kwa hiyo kushusha joto hadi nyuzi 25 huongeza kidogo kushika kwa protini lengwa hata kwenye aina yenye ompT. Anayeliona hilo kabla ya jeli hushawishika kwamba tatizo lilikuwa kujikunja, na anaanza kurekebisha joto kwa wiki nzima akipanda asilimia chache.

Kuondoa ompT kwenye mwenyeji

BL21 inafaa kwa kipimo, lakini kwa kazi ya kudumu OmpA yake ya kromosomu inashindania nafasi kwenye utando. OmpA ni miongoni mwa protini nyingi kuliko zote kwenye seli, takriban nakala 100,000. Njia safi ni BW25113 isiyo na ompA wala ompT.

Mabakteria ya Keio yana kaseti ya ukinzani wa kanamaisini mahali pa jeni iliyofutwa, kwa hiyo jeni mbili haziwezi kufutwa kwa kaseti mbili za aina moja bila kuondoa ya kwanza. Ingiza plazimidi ya pCP20 kwenye aina isiyo na ompA, otesha nyuzi 30 kwenye ampisilini ya mikrogramu 100 kwa mililita, kisha hamishia nyuzi 43 bila antibiotiki. Joto hilo linawasha FLP, kimeng'enya cha pCP20 kinachonyofoa kaseti, na papo hapo plazimidi inashindwa kujinakili. Pima kila koloni kwenye sahani tatu: kanamaisini, ampisilini na kloramfenikoli. Sahani ya tatu husahauliwa mara kwa mara. pCP20 ina ukinzani wa kloramfenikoli, sawa na pBAD33; koloni lililobaki nayo litaota vizuri kwenye sahani ya pBAD33 bila kuwa na pBAD33 hata moja.

Baada ya hapo leta ompT iliyofutwa kwa faji P1, virusi vya bakteria vinavyohamisha DNA kutoka seli moja hadi nyingine. Tengeneza faji kwenye aina ya Keio isiyo na ompT, ambukiza mpokeaji kukiwa na kloridi ya kalsiamu milimola 5 kwa dakika 20 hadi 30, ongeza sitreti ya sodiamu ili faji wasiambukize tena, na upande kwenye kanamaisini ya mikrogramu 30 pamoja na sitreti kwenye sahani. P1 hubeba DNA ya kilobesi 100 hivi, na ompT iko umbali unaozidi kilobesi 400 kutoka ompA, kwa hiyo hakuna hatari ya kuirudisha ompA pamoja nayo. Hakikisha kwa PCR yenye praima zilizo nje ya jeni zote mbili.

Mwenyeji huyu ni laini kuliko kawaida. Utando wa nje usio na OmpA haujashikwa vizuri na ukuta, hivyo zungusha kwa 3,000 g badala ya 10,000, osha kwa PBS yenye kloridi ya magnesiamu milimola 1, na usitumie EDTA popote kabla ya saitometa. EDTA huondoa ayoni zinazoshikanisha lipopolisakaridi, utando unavuja, na kingamwili inaingia mahali isipotakiwa.

Kuchochea kwa kiasi

Asilimia 0.2 ya arabinosi kwenye nyuzi 37 ni nyingi mno kwa protini inayopaswa kuvuka tando mbili. Dalili yake iko kwenye jeli ileile ikitazamwa kwa makini: juu ya mstari wa 38 kuna mwingine mdogo, mzito zaidi kwa kilodaltoni 2 hivi. Huo ni OmpA ambayo bado ina peptidi ishara yake, imekwama kwenye foleni ya Sec, mlango wa kuvuka utando wa ndani. Bakteria hupunguza mwendo wa kukua, na saitometa huonyesha seli nyingi zilizokufa.

Otesha usiku kucha kwenye LB yenye kloramfenikoli mikrogramu 25 kwa mililita na glukosi asilimia 0.2, ambayo hufunga promota. Zimua mara 50 kwenye LB isiyo na glukosi, otesha nyuzi 37 hadi OD 0.5, peleka nyuzi 25 kwa dakika 20 zipoe, kisha arabinosi asilimia 0.02 hadi 0.04 kwa saa 3 au 4. Mstari wa juu unatoweka.

Usishuke chini sana ukidhani unapunguza idadi ya protini kwa kila seli. Usafirishaji wa arabinosi huchochewa na arabinosi yenyewe, kwa hiyo kwenye kiasi kidogo baadhi ya seli huwaka kabisa na nyingine hubaki giza. Grafu inakuwa na vilima viwili. Wastani unashuka, lakini seli zilizowaka zina protini ileile nyingi. Anayehitaji kurekebisha kiasi kwa kila seli atumie mwenyeji wa namna ya BW27783, ambaye msafirishaji wake wa arabinosi hutengenezwa wakati wote, na amfutie ompA na ompT kwa njia ileile.

Kupima kushika

Chukua seli milioni 5 kwa kila sampuli, katika mikrolita 50 za PBS yenye magnesiamu na albumini asilimia 0.5. Protini lengwa yenye biotini kwa dakika 45 kwenye barafu, osha mara moja, streptavidini yenye fikoeritrini dakika 30 gizani, osha, tawanya seli tena kwenye mikrolita 500 baridi za bafa hiyo na upime bila kuchelewa. HA ipimwe kwenye seli zilezile kwa rangi ya kijani, ili kila seli itoe namba mbili. Ongeza rangi ya kutambua seli zilizokufa, isiyogongana na fikoeritrini. Seli iliyopasuka hushika kila kitu.

Sampuli za kulinganishia ziwe nne: plazimidi tupu, OmpA yenye HA bila peptidi, peptidi ambayo sisteini zake zimebadilishwa kuwa serini, na kila moja ikiwa na streptavidini bila protini lengwa. Ile ya serini ndiyo inayotenganisha kushika kwa pete na kunata tu. Katika kisa chetu ingekuwa na faida nyingine: bila daraja, mstari wa 19 ungeonekana hata kwenye jeli isiyo na DTT, na fumbo lingefumbuliwa mapema.

Kwenye aina mpya, HA inabaki karibu palepale ilipokuwa, na fikoeritrini sasa inapanda sambamba nayo kwenye mshazari. Mshazari huo ndio unaotafutwa. Ukipunguza protini lengwa ili kukadiria KD, angalia hesabu ya molekuli kwanza. Tuseme kila seli inaonyesha peptidi 20,000: seli milioni 5 zina peptidi bilioni 100, na ndani ya mikrolita 50 hizo ni zaidi ya nanomola 3. Kwa KD ya 40 si tatizo kubwa. Lakini ukishuka hadi nanomola 1 ya protini lengwa, peptidi ni nyingi kuliko kinachoshikwa, protini inaisha kwenye mchuzi, na peptidi itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Punguza seli hadi laki 5 au ongeza ujazo.

Kwa anayelazimika kubaki na mwenyeji mwenye ompT, njia iliyobaki ni kugusa peptidi yenyewe: laisini ibadilishwe kuwa glutamini, au asidi ya asipatiki iwekwe kabla ya arjinini, na kila badiliko lipimwe upya kwa KD. Mara nyingi jozi hiyo ya chaji ndiyo inayoshika, na ukiiondoa umeondoa kazi.

Kwa anayejenga maktaba ya peptidi nasibu, jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa peptidi moja. Kwa kodoni za NNK (N ni herufi yoyote ya DNA, K ni G au T), uwezekano wa kila nafasi kuwa arjinini au laisini ni 4 kati ya 32. Katika peptidi ya nafasi 15, takriban 18 kati ya 100 zitakuwa na angalau jozi moja ya chaji chanya zilizofuatana. Si zote zitakatwa, kwa kuwa jirani wa jozi wana usemi wao, lakini zilizokatwa zitapita kwenye lebo ya HA kama nzima na kuanguka kwenye kila mchujo wa protini lengwa, na mfuatano wa DNA wa washindi hautaonyesha kwamba ziliwahi kuwapo. Maktaba kama hiyo iingizwe kwa mwenyeji asiye na ompT tangu siku ya kwanza. Kabla ya mchujo, chukua koloni kadhaa zenye jozi hizo uziendeshe kwenye jeli, kwa asidi ya trikloroasetiki, zikiwa na DTT na zikiwa hazina.